Je, Kura Ni ya Jambo Moja Tu?

Jumapili iliyopita tulihubiriwa kutoka Kutoka sura ya kwanza, habari za wale wakunga wawili, Shifra na Pua, walioamriwa na Farao waue watoto wa kiume wa Waebrania wakakataa. Baada ya ibada, tukiwa pale hemani tunakunywa chai, kijana mmoja akaniuliza: "Mzee, kwa hivyo mgombea akiunga mkono kuavya mimba, hapo mjadala umeisha? Hata kama yule mwingine ni mwizi?" Nikamjibu bila hata kuweka kikombe chini: "Umeisha. Damu ya mtoto haipimwi na kitu kingine." Waliokuwa karibu wakasema amina.

Nimepewa ukurasa huu wiki hii, na nimeamua kuutumia kurudisha nyuma hiyo "umeisha" yangu. Si kwamba nimebadili msimamo kuhusu mtoto aliye tumboni. Zaburi ya 139 iko pale pale, Yeremia sura ya kwanza iko pale pale, nami niko pale pale. Ila jibu lile nililitoa kama mtu ambaye hajawahi kusimama mbele ya sanduku la kura huku mambo mawili mazito yakimvuta mikono, moja huku, jingine kule. Na mimi nimesimama hapo. Kusema ukweli, siku hiyo nilifanya kinyume kabisa cha nilichomwambia yule kijana, na watu wawili tu ndio wanaojua: mke wangu na dada yangu.

Wacha nianze na dada, maana yeye ndiye aliyenifundisha kulifikiria jambo hili.

Dada yangu mkubwa ni Mkatoliki. Sote tulizaliwa huko. Mimi niliokoka mwaka wa 1994 nikahama, yeye akabaki na rozari ya mama. Ni muuguzi, anaishi Pennsylvania huko Marekani, na ana uraia wa huko. Oktoba ya 2024 alinipigia simu usiku, sauti imechoka. "Baba Esther," akasema, "mimi hapa nimekwama. Nina karatasi ya kura mezani na sijui niifanye nini." Jimbo lake ni mojawapo ya yale machache ambayo kila mtu alijua yangeweza kuamua nani ataingia Ikulu ya Marekani. Kura yake haikuwa tone baharini.

Nikamwambia kile kile nilichomwambia yule kijana. Kamala Harris alikuwa anazunguka nchi nzima akiahidi kurudisha haki ya kuavya mimba. Sasa wewe Mkatoliki, tena muuguzi, unakwama wapi?

Akanyamaza kidogo. Halafu akaniambia kazi yake. Anatunza watoto waliozaliwa kabla ya wakati. Mtoto wa wiki 24 anatosha kwenye viganja vyake viwili, ngozi inapitisha mwanga, na bado akiguswa anashika kidole. "Mimi sihitaji mtu anihubirie kwamba huyo ni mtu," akasema. "Nimembadilisha nepi leo." Kisha akaniambia kuhusu familia moja parokiani kwake iliyotoka Amerika ya Kati, baba na mama hawana karatasi, watoto watatu wamezaliwa Marekani. Yule mgombea mwingine, Donald Trump, alikuwa ameahidi kufukuza watu kama hao kwa mamilioni. Mama wa familia hiyo hukaa benchi moja naye kila Jumapili. "Nikimpigia kura huyu, nawaambia nini wale watoto wa wadi? Nikimpigia yule, namwambia nini huyu mama nikimpa mkono wa amani?"

Sikuwa na jibu. Nikasema tuombe. Hiyo wakati mwingine ni njia yetu ya kukata simu.

Sasa, sisi wa kanisa letu tuna mazoea ya kuwacheka Wakatoliki kidogo, kwamba wao wanasubiri Papa awaambie cha kufanya. Nilianza kufuatilia jambo hili baada ya simu ile, nikakuta kitu cha kushangaza: Papa alikataa kuwaambia. Septemba ya 2024, akiwa kwenye ndege akitoka Singapore, waandishi wa habari walimuuliza Papa Francis kuhusu uchaguzi wa Marekani. Alisema wagombea wote wawili wanapinga uhai, mmoja kwa kuwatupa wahamiaji na mwingine kwa kuunga mkono kuua watoto wachanga. Akasema mtu achague uovu ulio mdogo. Walipotaka kujua ni upi ulio mdogo, akasema yeye hajui, kila mtu aamue kwa dhamiri yake. Kuna waliokasirika sana, wa pande zote mbili. Mimi nilimwelewa, ingawa bado nadhani aliruka ngazi moja, nami nitaifikia.

Mafundisho yao yana historia ndefu. Mwaka wa 1983, Kadinali Joseph Bernardin wa Chicago alihutubia Chuo Kikuu cha Fordham huko New York akasema kutetea uhai ni kama vazi lisilo na mshono. Anayemtetea mtoto tumboni, alisema, awatetee pia maskini, mfungwa anayesubiri kunyongwa, na miji inayolengwa na mabomu ya nyuklia. Ni picha nzuri. Tunalijua vazi hilo kutoka Yohana 19. Lakini wengine wakamjibu kwamba vazi hilo limekuwa blanketi la kujifunikia. Mwanasiasa anasema, "Mimi kwa kuavya mimba nimeanguka, lakini kwa hospitali na mishahara nimepita, kwa hivyo jumla nimepita." Kama mtihani wa shule.

Na hao waliojibu wana hoja ambayo sitaki tuipite mbio. Wanasema kuna tofauti kati ya jambo ambalo ni ovu lenyewe na jambo ambalo watu wema wanaweza kutofautiana kuhusu njia. Wakristo wawili wanaompenda maskini wanaweza kubishana kama ushuru upande au ushuke, kwa sababu wote wanataka maskini ale, wanabishana tu jinsi. Lakini kumuua asiye na hatia hakuna "jinsi." Ndiyo maana maaskofu wa Marekani wameandika kwamba kuavya mimba ndilo jambo la kwanza kabisa kwao. Si la pekee, ila la kwanza. Mimi naiona hoja hiyo kuwa ya kweli, na yeyote anayeiita siasa za watu wa kulia tu hajaisikiliza.

Ila maaskofu hao hao, katika waraka wao wa 2007 kuhusu wajibu wa raia mwaminifu, waliandika mambo mawili kwa pamoja, na watu huwa wanachukua moja wanaacha jingine. La kwanza: Mkatoliki hawezi kumpigia kura mgombea anayeunga mkono uovu kama kuavya mimba au ubaguzi wa rangi, kama nia yake ni kuunga mkono uovu huo. La pili: mpiga kura asitumie msimamo mzuri wa mgombea katika jambo hilo kama ruhusa ya kutojali mambo mengine mazito ya haki. Miaka mitatu kabla ya hapo, Kadinali Ratzinger, ambaye baadaye alikuja kuwa Papa Benedict, alikuwa ameandika barua fupi kwa maaskofu wa Marekani. Alisema mtu asiyekubaliana na mgombea kuhusu kuavya mimba, lakini anampigia kura kwa sababu nyingine, anashiriki uovu ule kwa mbali, na kushiriki huko kunaweza kukubalika ikiwa kuna sababu zenye uzito unaolingana.

Uzito unaolingana. Hapo ndipo kazi yote ilipo. Kwa sababu ni rahisi sana kusema nina sababu nzito. Lori zima linaweza kupita kwenye mlango huo.

Sasa nije kwangu.

Agosti 4, 2010. Wengi wenu mnakumbuka, vijana muulize wazazi. Tulipiga kura ya maoni kuhusu Katiba mpya. Kijani ilikuwa ndiyo, nyekundu ilikuwa hapana. Makanisa mengi, Wakatoliki na sisi wa kiroho pamoja, tulisema hapana. Kadinali John Njue alisimama upande mmoja na maaskofu wa kipentekoste, jambo ambalo sikuwahi kufikiri nitaliona. Sababu zilikuwa mbili, mahakama za Kadhi na kifungu cha 26. Kifungu hicho kinasema uhai huanza mimba inapotungwa, na kwamba kuavya mimba hakuruhusiwi, halafu kinaongeza: isipokuwa kama kwa maoni ya mhudumu wa afya aliyehitimu kuna haja ya matibabu ya dharura, au maisha au afya ya mama iko hatarini, au kama sheria nyingine imeruhusu. Viongozi wetu walisema neno "afya" ni pana mno, na yale ya sheria nyingine ni mlango ulioachwa wazi. Juni ya mwaka huo, watu walilipuliwa kwa bomu katika mkutano wa maombi wa upande wa hapana pale Uhuru Park, na kadhaa wakafa. Haukuwa mchezo.

Jumapili kabla ya kura nilivaa tai nyekundu nikasimama mbele pamoja na wazee wengine. Jumatano nikaingia kituoni, nikapiga kura ya kijani.

Sababu yangu ilikuwa Nakuru Showground. Januari ya 2008 tulikuwa tunapeleka uji na blanketi pale, kwa watu waliokimbia nyumba zao baada ya uchaguzi. Kule Kiambaa karibu na Eldoret, watu walikuwa wamejificha ndani ya kanisa, kanisa la kipentekoste kama letu, likachomwa wakiwa ndani, wengi wao wanawake na watoto. Zaidi ya watu 1,100 waliuawa nchini kwa majuma machache. Pale Showground nilishika mtoto mchanga ambaye mama yake alikuwa amejifungua njiani, kando ya barabara. Niliamini, na bado naamini, kwamba tulifika pale kwa sababu nchi yote ilikuwa inagombania kiti kimoja chenye nguvu zote, na mahakama hakuna mtu aliyeziamini. Katiba ile iligawa nguvu hizo kwa kaunti 47 na ikaunda Mahakama ya Juu. Nilijiambia: hii itaokoa watu, na watoto pia wamo.

Na angalieni ugumu wake. Sikuulizwa kuhusu kifungu cha 26. Niliulizwa kuhusu vifungu 264 kwa alama moja. Huko Marekani, tangu Mahakama yao ya Juu ilipofuta uamuzi wa Roe mwezi Juni 2022, majimbo mengine yamepiga kura kwa jambo hilo moja peke yake. Kansas walipiga Agosti 2022, Ohio Novemba 2023, na zote mbili upande wa kutetea uhai ulishindwa. Mkatoliki wa Ohio aliyepiga kura siku ile hakuweza kusema alikuwa anafikiria wahamiaji au hospitali. Swali hilo lilisimama peke yake. Hapo hata mimi nasema mjadala umeisha. Lakini anayechagua rais, au anayepitisha katiba nzima, anapewa gunia lililofungwa, na ndani mna mahindi na mawe pamoja.

Ndiyo ilishinda kwa zaidi ya theluthi mbili ya kura halali. Wakristo katika nchi hii ni zaidi ya asilimia 80. Pigeni hesabu wenyewe: hizo tai nyekundu hazikuwa zangu peke yangu. Rais Kibaki mwenyewe, aliyeongoza kampeni ya kijani, alikuwa Mkatoliki.

Je, nilikuwa sahihi? Mwaka wa 2013 aliyeshindwa alienda mahakamani, akakubali uamuzi. Mwaka wa 2017 Mahakama ya Juu ilifuta uchaguzi wa rais. Nchi haijawa mbinguni, na damu imemwagika tena mara kadhaa, lakini hatujarudi Januari 2008. Upande wa pili, viongozi wetu walisema neno "afya" litafungua mlango, na mwaka wa 2019 Mahakama Kuu iliamua kwamba mimba iliyotokana na ubakaji inaweza kutolewa kama mhudumu wa afya anaona afya ya mama iko hatarini. Walisema, na ikawa. Siwezi kusimama hapa niseme waliogopa bure. Wala siwezi kusema sikuonywa.

Haya yote nilimwambia dada katika simu ya pili, wiki moja baadaye. Nilidhani atanifariji. Akaniuliza swali ambalo nimeishi nalo tangu siku ile: "Hiyo sababu yako, ungeweza kumwambia yule mtoto usoni?"

Nikamuuliza mtoto gani.

"Yule ambaye atapotea kwa sababu ya hicho kifungu. Mweke mbele yako. Mwambie, nimepiga hivi kwa sababu hii. Kama unaweza kuisema bila kuangalia chini, basi labda ina uzito. Kama huwezi, ulikuwa unajidanganya."

Nikajaribu pale pale kwenye simu. Kiambaa, ningeweza kuisema. Yule mtoto wa kando ya barabara, ningeweza kusema habari zake. Lakini kulikuwa na sababu nyingine ambayo sijawahi kuitaja, hata kwa mke wangu. Watu wetu walikuwa upande wa kijani. Wa kabila letu, wa ukoo wetu, wale tunaokutana nao matangani na kwenye harambee. Wa upande ule mwingine, nilikuwa bado na uchungu nao kwa yaliyotokea. Hiyo sababu haikuwa na uzito wowote unaolingana na uhai wa mtu, na siwezi kuisema mbele ya mtoto yeyote. Na sijui, hadi leo, ni kiasi gani cha ile alama ya kijani kilikuwa Kiambaa na kiasi gani kilikuwa kabila. Hilo ndilo nimekuwa nikitubu, si kupima kwenyewe.

Hii ndiyo ngazi nilisema Papa aliiruka. Dhamiri ni sawa, lakini dhamiri huja ikiwa tayari imevaa shati la chama. Wakatoliki wa Marekani mwaka wa 2020 waligawanyika karibu nusu kwa nusu, wakati mgombea mmoja, Joe Biden, alikuwa Mkatoliki anayeunga mkono haki ya kuavya mimba, na mwingine alikuwa amewateua majaji waliokuja kufuta Roe, huku serikali yake ikitekeleza hukumu ya kifo kwa wafungwa 13 katika miezi yake ya mwisho, jambo ambalo Kanisa lao linalipinga. Mwaka wa 2024 wengi wao walimpigia Trump. Je, wote hao walipima? Wako waliopima kwa machozi, kama dada yangu. Wako pia waliokuwa na chama kwanza, wakatafuta kifungu cha imani cha kukifunika. Anayesema "mimi natetea uhai" na hajawahi kuuliza mtoto akizaliwa atakula nini. Anayesema "mimi natazama mambo yote" na kila mwaka hayo mambo yote yanaangukia upande ule ule.

Na lingine alilolisema dada, ambalo mimi nikiwa huku sikuwa nalo. Trump huyo wa 2024 hakuwa tena ameahidi sheria ya nchi nzima dhidi ya kuavya mimba. Alisema majimbo yaamue, tena aliahidi serikali igharamie kutunga mimba kwenye maabara, kitu ambacho Kanisa Katoliki linakataza. "Kwa hivyo," dada akasema, "wananiambia nimpigie kwa ajili ya watoto. Sawa. Lakini lazima niulize kura yangu itawafikia watoto wangapi kweli, si anasema nini akiwa madhabahuni pa watu." Ukubwa wa jambo ni kitu kimoja. Jinsi kura yako inavyolifikia ni kitu kingine. Mimi nilikuwa napima la kwanza tu.

Simgeuzii yule kijana neno nikasema mambo yote yako sawa. Hayako sawa. Mgombea anayetaka asiye na hatia auawe anaanza akiwa na deni kubwa, na anayetaka kumpigia kura lazima alete kitu kizito sana kwenye mizani. Barabara ya lami haitoshi, wala bei ya unga. Lakini Mathayo 23 Bwana wetu aliwakemea watu waliotoa zaka ya bizari na kuacha haki na rehema, na nimeogopa kwamba hata jambo kubwa kama uhai linaweza kugeuzwa bizari, kitu cha kutoa ili usiulizwe mengine. Wale wakunga wa Kutoka hawakupiga kura. Walishika mtoto mkononi, wakaamua.

Nilimuuliza dada mwishowe alimpigia nani. Akasema, "Hiyo ni kati yangu na Mungu na watoto wa wadi." Alifunga siku ile, maji tu, akarudi zamu ya usiku. Mama wa parokiani alikuwa bado anakaa benchi lile lile.

Uchaguzi wetu ni 2027. Jumapili nitamtafuta yule kijana hemani, na nitaanza na habari za Nakuru Showground.